Sikio Langu la Kiingereza Lilinidanganya

Agosti 2022, siku zile makarani wa sensa wanapita mitaani kwetu Segerea, nilitoka kwenye chumba cha mtihani katikati ya mji nikiwa na alama 500 kati ya 800. Upande wa lugha nilipata 21. Kwa asiyeujua mtihani huu, 21 ni alama ya mtu ambaye shule aliyokuwa anaitamani haitamjibu hata barua. Nilikaa kwenye benchi la kituo cha daladala Posta karibu saa nzima, magari ya Segerea yanapita, sipandi.

Mtihani wenyewe ni GMAT, ambao shule nyingi za biashara za nje huutaka kwa mtu anayeomba shahada ya uzamili ya biashara. Wakati ule sehemu ya lugha ilikuwa na maswali 36 kwa dakika 65, na karibu theluthi yake yalikuwa ya kusahihisha sentensi. Unapewa sentensi ndefu, kipande chake kimepigwa mstari, chini yake kuna majibu matano. Jibu la kwanza ni kile kile kipande kama kilivyo, manne yaliyobaki yamekiandika kwa namna nyingine. Unachagua lililo sahihi. Basi. Nilipoyaona mara ya kwanza nilicheka, nikasema haya ndiyo ya kukusanyia alama, hesabu ndizo zitakazonitesa.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Kutwa nzima nasoma nyaraka za mizigo zilizoandikwa kwa Kiingereza, naandika barua pepe kwa Kiingereza, nabishana na mawakala wa meli kwa Kiingereza. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza nikatupwa kwenye Kiingereza kama wenzangu wote, nikaogelea, nikafika chuo. Ofisini mimi ndiye ninayepelekewa barua za wengine nizipitie kabla hazijatoka. Kumbe Kiingereza nilichokuwa nakipitia ni kile kile ninachokiongea, chenye makosa yale yale, ndiyo maana niliona hakina kosa.

Kosa la kwanza lilikuwa la hela. Nilichukua mkopo kwenye kikoba chetu, nikalipa shilingi 350,000 kwa kozi ya mtandaoni ambayo mwalimu wake alikuwa na mbinu za mkato. Jibu fupi ndilo sahihi. Jibu lenye neno "being" likatae bila kulisoma. Jibu la kwanza usiliguse, maana wasingekuuliza kama sentensi haina kosa. Nilizikariri hizo kanuni kama dua. Zote tatu ni za uongo. Sentensi ya kwanza mara nyingine iko sawa kabisa na wenye mtihani wanajua utaiogopa. Jibu fupi mara nyingine limekata neno lililobeba maana. Na "being" ni neno kama maneno mengine. Miezi mitatu nilikuwa najifunza kukisia kwa ustadi.

Huku nyuma GMAC, ambao ndio wenye mtihani, wanatoa mitihani miwili ya majaribio bure, inayokokotoa alama kwa namna ile ile ya mtihani wenyewe. Mimi niliifanya siku nne kabla ya mtihani, nikapata 490, nikajiambia ni uchovu. Ningeifanya ya kwanza kabla sijalipa mtu yeyote shilingi moja, ningejua nimesimama wapi.

Siku ya mtihani wanakupiga picha, wanapitisha kiganja chako kwenye mashine, simu na saa vinabaki kwenye kabati. Unaingia na pasipoti tu. Hapo nitoe tahadhari: jina ulilojisajilia lifanane na la kwenye pasipoti. Mimi nilijisajili kwa mpangilio wa majina ulioko kwenye cheti cha chuo, pasipoti yangu mpya ikaja na mpangilio mwingine, na niligundua wiki moja kabla. Nikapiga simu, nikaandika barua pepe, nikasahihishiwa, lakini wiki ile sikusoma kitu. Na kabla hujafika huko, nenda benki wakufungulie kadi yako kwa malipo ya mtandaoni. Yangu ilikataa mara tatu, nikadhani ni tovuti yao mbovu.

Ndani ya chumba nikafanya kile nilichokizoea. Nilisoma sentensi nzima kimoyomoyo, nikaisikiliza. Nikasoma jibu la pili nzima, nikalisikiliza. La tatu. Likafika la tano nimesahau la pili lilikuwaje, nikarudi mwanzo. Swali moja kuhusu mifereji ya maji lilinikalia zaidi ya dakika nne. Mtihani ule ulikuwa hauruhusu kurudi nyuma, na ukiacha maswali bila kuyajibu unakatwa alama nyingi zaidi kuliko ukikosea. Matano ya mwisho nilibonyeza tu, liwalo na liwe.

Nilipoanza upya Oktoba, sikuwaambia watu. Mume wangu alijua, na mwenyekiti wa kikoba alijua kwa sababu alitaka marejesho yake. Jumamosi nilikuwa nakwenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, nafika mapema nipate meza ya karibu na dirisha. Nilinunua daftari la kaunta, nikaligawa kurasa katika safu tatu: swali lilikuwa linapima nini, mimi nilichagua nini na kwa nini, na sababu ya jibu sahihi kuwa sahihi. Safu ya katikati ndiyo iliyoniumbua. Kurasa mbili za mwanzo karibu kila mahali nimeandika "linasikika vizuri". Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu. Mtu unalipa zaidi ya laki sita za mtihani, pamoja na makato ya benki, halafu sababu yako ni kwamba linasikika vizuri.

Dawa niliipata kwenye daladala, na sitanii. Tulikuwa kwenye foleni ya Buguruni jioni, nimeshika daftari, nimekwama kwenye sentensi moja niliyokuwa nimeikosa mara mbili. Ilikuwa na umbo la hii: "The list of damaged items were sent to the agent." Nilikuwa naisoma na kuirudia, na kila nikiisoma inasikika sawa, kwa sababu "items were" ni maneno ambayo sikio limezoea kuyasikia pamoja. Mama mmoja alikuwa anashuka na kikapu, mkono ukateleza, maembe yakatapakaa mpaka chini ya gari la nyuma. Konda akapiga kelele, "Oya, kikapu cha maembe kimeanguka!"

Kimeanguka. Maembe ndiyo yaliyokuwa barabarani, maembe ndiyo tuliyokuwa tunayaona, lakini hata konda mwenye haraka zake hakusema kikapu cha maembe yameanguka. Hakuna Mswahili atakayesema hivyo, hata mtoto wa miaka minne. Nikarudi kwenye daftari, nikaiandika ile sentensi kwa Kiswahili: orodha ya bidhaa zilizoharibika... imetumwa. Si zimetumwa. Orodha ndiyo iliyotumwa. Basi ni "was".

Ninaweza kuonekana nachekesha, lakini nilikuwa na miaka 31 na sikuwahi kufikiria kwamba lugha niliyozaliwa nayo ina ukali kuliko Kiingereza kwenye jambo hili hili. Sisi kila sentensi tunamfuata mwenyewe. Kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mguu wa kiti umevunjika, miguu ya kiti imevunjika. Kiingereza kinabadilisha kitendo mara chache, mara nyingi kwa herufi moja tu, ndiyo maana ni rahisi kupotea katikati ya sentensi ndefu. Kuanzia siku ile, kila swali lenye kitendo nilikuwa natafuta mwenyewe kwa ngeli. Sitafsiri sentensi nzima, muda huo haupo. Nachukua maneno mawili tu, mwenye kitendo na kitendo, nayaweka kwa Kiswahili kichwani, naona kama yanashikana.

Kikatoka kitu kingine. Mtihani ule ulipenda sana kulinganisha. "The population of Dar es Salaam is larger than Dodoma." Kwa sikio langu hii haikuwa na shida yoyote. Sasa iweke kwa Kiswahili: idadi ya watu wa Dar es Salaam ni kubwa kuliko ya Dodoma. Ile "ya" huwezi kuiacha hivi hivi. Ukiiacha unalinganisha idadi ya watu na mji wenyewe. Kwa Kiingereza "ya" ile ndiyo "that of", na kwenye majibu matano utaikuta kwenye mawili au matatu. Nilikuwa naikataa kila siku kwa sababu inarefusha sentensi, si nilifundishwa jibu fupi ndilo sahihi?

Hata kwenye orodha za vitendo. "To load the cargo, to weigh it and sealing the container." Kiswahili: kupakia, kupima na... ufungaji? Hapana, kufunga. Ku, ku, ku. Vinapotajwa vitu vitatu vyenye kazi moja, vivae sare moja.

Ila nisiwadanganye, Kiswahili hakikuokoi kila mahali. Kuna pahala kinakusukuma shimoni, na hapo ndipo daftari langu lilipojaa wekundu. La kwanza ni "pamoja na". Sisi tunasema meneja pamoja na wasaidizi wake wamefika, na hakuna anayeshangaa. Kwenye Kiingereza cha mtihani "together with", "along with" na "as well as" haviongezi mtu. Meneja bado ni mmoja. Ni "and" peke yake inayomfanya kuwa wawili. La pili ni "ingawa". Tunasema ingawa alichelewa, lakini alimaliza, na ile lakini inaipa sentensi uzito. Kwa Kiingereza ukiweka "although" usiweke "but" mbele yake, chagua moja. Niliikosa hii mara sita kabla mkono haujazoea. La tatu ni kampuni. Tunasema kampuni imepandisha bei zao, tukimaanisha wale watu wa ndani. Mtihani unataka "its", kwa sababu kampuni ni moja. Halafu kuna kile kirejeshi cha ndani ya kitendo: kitabu nilichokinunua. Ile "ki" ya pili ikihamia kwenye Kiingereza inakuwa "the book that I bought it", na ukiiona kwenye sentensi ya mistari minne, imefichwa nyuma ya maneno kumi na tano, utaiona ya kawaida kabisa.

Lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni vitendo visivyo na mwenyewe. "Walking to Kariakoo, the rain soaked me." Kwa Kiswahili ningesema nilipokuwa natembea kwenda Kariakoo, mvua ilinilowesha, na hakuna utata, kwa sababu "ni" imo ndani ya kitendo, inasema ni mimi. "Walking" haina "ni". Ni kitendo kinachozurura, kinamshika mtu wa kwanza kinayemkuta baada ya mkato. Na wa kwanza hapo ni mvua. Mvua ndiyo iliyokuwa inatembea kwenda Kariakoo. Nikajiwekea desturi: sentensi ikianza na kitendo cha namna hiyo, naruka mpaka kwenye mkato, naangalia neno la kwanza baada yake, namuuliza, wewe ndiye uliyefanya? Akisema hapana, jibu lile limekufa, na mara nyingi linakufa pamoja na ndugu zake wawili.

Hapo ndipo kazi yangu ya ofisini iliponisaidia hatimaye. Ninapokagua nyaraka za kontena sisomi karatasi nne kuanzia juu mpaka chini. Naziweka sambamba, natafuta zinapotofautiana. Namba ya sili hapa ni hii, kule ni ile, nani kakosea? Nikaanza kuyatazama majibu matano hivyo hivyo. Siyasomi. Nayapitisha jicho natafuta tofauti: matatu yana "was", mawili yana "were". Namtafuta mwenyewe, nayaua mawili. Kwenye yaliyobaki, moja lina "its" na mengine "their". Likibaki moja, ndipo nalisoma pamoja na sentensi nzima nione kama maana haijabadilika. Jibu la kwanza silisomi tena kwa sababu nimeshalisoma ndani ya sentensi. Na nikifika dakika moja na nusu bado nina mawili, nachagua, nasonga. Muda unaobaki ni wa vile vifungu virefu vya kusoma, ambavyo vinaumeza usipovitunzia.

Sijui kama ni umri au ni uchovu, lakini nilijifunza vizuri zaidi kwa maswali kumi kwa siku kuliko yale arobaini niliyokuwa nayafanya mwanzo. Kumi, na kila moja lina maelezo kwenye daftari, hata nililolipata. Hasa nililolipata, maana mengine niliyapata kwa bahati na nikayahesabu kama akili.

Machi 2023 nikarudi. Kwa sheria zao unaweza kurudia baada ya siku 16, nami nashauri usikimbilie kurudia ndani ya mwezi kama hujabadilisha unavyosoma; utalipa kupata alama zile zile. Nilipata 610, lugha 33. Si alama za kutangaza mtaani. Zilinitosha kupata nafasi kwenye shule mbili kati ya nne nilizoomba, na hakuna hata moja iliyonipa ufadhili kamili. Nilipojumlisha pasipoti ya shilingi 150,000, mitihani miwili, ile kozi, bando na nauli, nilikuta karibu milioni mbili. Niliahirisha masomo. Nitakwenda au sitakwenda ni hadithi ambayo bado tunaijadili nyumbani, na siku nyingine tunaijadili kwa sauti ya juu.

Halafu Novemba mwaka ule ule GMAC wakaleta mtihani mpya, wa vipande vitatu vya dakika 45 kila kimoja, na mwishoni mwa Januari 2024 wa zamani ukafungwa. Maswali ya kusahihisha sentensi wameyaondoa yote. Rafiki yangu wa ofisini alinitumia habari hiyo na kicheko. Miezi kadhaa ya daftari la kaunta, na swali lenyewe halipo tena! Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa kwenye mgao, nikakaa barazani nikilipepea lile daftari kama kipepeo cha mkaa. Ukweli ni kwamba sikuumia sana. Barua za ofisini kwetu siku hizi nazirudisha na wino mwekundu mpaka wenzangu wameanza kunikwepa.

Daftari sasa analo mtoto wa kaka yangu. Amemaliza kidato cha sita, anajiandaa na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na huko sarufi haijaondolewa. Siku hizi wanafanya kwenye kompyuta: maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, katika mafungu mawili, na la pili huwa gumu au jepesi kulingana na ulivyofanya la kwanza. Hakuna mstari chini ya maneno. Kuna pengo na majibu manne. Yeye sikumruhusu kulipia kozi. Mazoezi ya tovuti ya Khan Academy ni bure, na programu ya mtihani wenyewe, Bluebook, ina mitihani kamili ya majaribio. Nilimwambia afanye mmoja kwanza kabla hajafungua kitabu, alie mapema.

Alichokuja kulia nacho si ngeli. Ni mkato. SAT inauliza sana mahali sentensi inapoishia, na yeye anaandika Kiingereza kama anavyosimulia mpira: nilifika, nikamkuta, akaniambia, nikaondoka. Kwa Kiswahili ile "ka" inafunga vitendo kimoja baada ya kingine, mkato unatosha, msomaji anatiririka. Kiingereza hakina "ka". "I arrived, I met him, he told me" ni makosa mtihanini; sentensi mbili zilizo kamili hazishikwi na mkato mtupu, zinataka nukta, au nukta mkato, au mkato wenye "and" mkononi. Tulikaa Jumapili nzima tukitafuta "ka" kwenye insha zake za Kiingereza. Tulizipata thelathini na moja.

Juzi usiku amenipigia, saa nne, mimi nimeshalala.

"Shangazi samahani. Hapa wanasema 'the collection of poems'... halafu pengo. Nimechanganyikiwa, mashairi si ni mengi?"

"Kikapu cha maembe kimefanyaje?"

Kimya kidogo. Nikasikia feni ya chumbani kwake.

"Kimeanguka."

"Haya, lala. Na hilo daftari usiliwekee chai juu yake."